Mbuzi, madeni na manga: Juzuu nilizosoma Kikopey msimu huu

Kama umewahi kupanda matatu ya kwenda Nakuru, Eldoret au Kisumu, basi Kikopey unapajua, hata kama hujui kwamba unapajua. Ni pale ukishapita Gilgil, moshi unaanza kuingia dirishani na vijana waliovaa makoti meupe wanapunga mikono karibu waingie barabarani. "Mkubwa, karibu, mbuzi iko tayari!" Hiyo "tayari" ni neno la biashara tu. Kilo mbili zikiwekwa kwenye makaa, utangoja. Utakunywa supu, utaangalia simu, utauliza, utaambiwa "dakika tano tu," halafu utangoja tena.

Mimi niko upande ule mwingine wa hizo dakika tano. Tangu nimalize kidato cha nne namsaidia mathe kwenye kibanda, na kati ya kupima nyama na kuipeleka mezani ikiwa imekatwakatwa kwenye ubao, huwa napata muda wa sura moja ya manga, siku nzuri mbili. Binamu yangu anayeishi Nairobi alikuja Krismasi na mfuko wa juzuu za mitumba, nyingine nimezisoma kwenye simu. Kurasa kadhaa sasa zina alama za vidole vya mafuta, na hilo siliombei msamaha.

Kwa wewe ambaye hujawahi kushika kitabu cha manga: kinaanzia mahali ambapo vitabu vyetu vinaishia. Unasoma kutoka kulia kwenda kushoto. Mathe aliponiona mara ya kwanza aliuliza kama nasoma mwisho kwanza nijue nani alikufa. Nilimwambia hata wazee wa Lamu na Mombasa walikuwa wakiandika Kiswahili kulia kwenda kushoto kwa herufi za Kiarabu. Akaniambia hao wazee hawakuwa na wateja wanaongoja ugali.

Sasa twende kazi. Haya ni maoni yangu, na kama hukubaliani, poa.

Nianze na Chainsaw Man, kwa sababu najua wengi wenu mlitazama filamu ya Reze iliyotoka 2025 na mnadhani mmemaliza. Rudini kwenye juzuu ya kwanza. Tatsuki Fujimoto alianza hadithi hii mwishoni mwa 2018, na sura yake ya kwanza ni kati ya sura bora zaidi kuhusu umaskini ambazo nimewahi kusoma popote, pamoja na zile riwaya tulizolazimishwa shuleni. Denji ni kijana aliyerithi deni la babake aliyekufa. Deni lenyewe ni la majambazi wa Kijapani wanaoitwa yakuza. Ameshauza figo, jicho na hata korodani moja, na bado hajafika popote. Ndoto yake ni nini? Mkate uliopakwa jemu. Si gari wala nyumba Kileleshwa, ni mkate na jemu.

Wewe ambaye umewahi kukopa kwa simu kulipia mkopo mwingine wa simu, hapo utacheka halafu utanyamaza.

Baadaye Denji anakuwa nusu mtu nusu msumeno na damu inamwagika kila ukurasa, na mimi nina maswali. Fujimoto anamvuta Denji huku na kule kwa tamaa za kitoto kuhusu wanawake, na kufikia juzuu ya pili utani huo umenichosha. Lakini michoro yake ya mapigano ina kitu fulani, ni kama picha zilizopigwa na mtu anayekimbia. Na hasahau kamwe kwamba Denji ana njaa. Hadithi nyingi za mashujaa husahau njaa mara tu shujaa anapopata nguvu.

Blue Lock sitakaa nayo sana. Unajua hadithi: Japani inatolewa kwenye Kombe la Dunia la 2018, kocha mmoja mwenye miwani anawafungia washambulizi 300 kwenye jengo ili apate mmoja mbinafsi kuliko wote. Muneyuki Kaneshiro ndiye mwandishi, Yusuke Nomura anachora. Michoro moto, sitakataa. Juzuu ya kwanza inaanza na Isagi akipiga pasi badala ya kufunga, mwenzake anakosa, timu inapoteza, na kitabu kizima ni kumwambia asirudie ujinga huo. Wakenya waliotazama Harambee Stars ikitolewa na Madagascar kwa penalti katika robo fainali ya CHAN Agosti 2025 wanaweza kukubaliana na yule kocha. Mimi niliishia juzuu ya tatu. Kila mtu anapiga kelele kuhusu nafsi yake, na ikifika mara ya kumi unataka kuwapa maji wanywe.

Delicious in Dungeon nayo, wacha nikwambie, imeandikwa kwa ajili ya watu wa Kikopey na Ryoko Kui hajui. Kikundi cha wapiganaji kinashindwa na joka jekundu ndani ya shimo lenye ghorofa nyingi chini ya ardhi. Joka linammeza Falin, dadake kiongozi wao Laios. Wanataka kurudi kumwokoa kabla hajameng'enywa, lakini hawana hata senti ya chakula. Basi Laios anaamua: tutakula mazimwi tutakayoua njiani. Wanakutana na Senshi, jamaa mfupi mwenye ndevu ndefu ambaye amepika vitu hivyo miaka mingi, na kuanzia hapo ni mapishi. Nge mkubwa na uyoga unaotembea, ndani ya sufuria moja. Kiumbe nusu kuku nusu nyoka, kinachomwa kikiwa kimejazwa viungo.

Mimi nasoma sehemu ya kuchoma kama mtu wa kazi, na nakuambia Kui anajua moto. Senshi hana haraka. Anajua nyama ipi inataka kuchemshwa kwanza na ipi inaharibika ukiichemsha. Kila mlo unakuja na orodha ya viungo, na msichana wao wa uchawi, Marcille, kila mara anakataa kula, analalamika, anaonja, halafu anaomba tena. Nimewaona wateja wa aina ya Marcille mara nyingi: anakuja na marafiki, anasema yeye hali matumbo, baada ya nusu saa sahani ni yake. Hadithi nzima ina juzuu 14, ilianza 2014 na kukamilika 2023. Imekamilika! Hilo peke yake ni sababu ya kuianza.

Na sasa nifike kwenye ile iliyonifanya niandike makala haya.

Silver Spoon ni ya Hiromu Arakawa, yule yule wa Fullmetal Alchemist. Watu wengi wanamjua kwa wale ndugu wawili wa alkemia na hawajui kwamba alikulia kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa kule Hokkaido, kaskazini mwa Japani, na alifanya kazi ya shamba miaka kadhaa kabla ya kwenda Tokyo kuchora. Silver Spoon ilianza 2011, ikaisha 2019, juzuu 15. Hakuna uchawi. Hakuna anayepigana. Ni shule ya kilimo.

Mhusika mkuu anaitwa Hachiken. Ni mtoto wa mjini, kutoka Sapporo, aliyesomeshwa kwa mbio za mtihani mpaka akaishiwa pumzi. Unamjua. Kama wewe si yeye, basi ulikaa naye dawati moja kidato cha nne. Anachagua shule ya kilimo kwa sababu moja tu: ina mabweni, na ni mbali na babake. Anafika pale akidhani kwamba kwa vile alikuwa mzuri wa hesabu, watoto wa wakulima atawapita akiwa amelala. Siku za kwanza anagundua yai linatoka wapi kwa kuku na anakataa kulila. Wenzake wanamwangalia kama kichaa.

Hapa Nakuru tuna Egerton kule Njoro, iliyoanza 1939 kama shule ya kilimo ya walowezi, na bado ukiwaambia wazazi wako umeitwa kusomea kilimo kuna kimya fulani kinaingia mezani. Arakawa ameandika kuhusu kimya hicho. Wenzake Hachiken wote wanajua wanachotaka: huyu atarithi ng'ombe wa kwao, yule anataka kuwa daktari wa mifugo lakini anaogopa damu. Yeye mwenye alama za juu ndiye hana jibu. Hilo lilinigusa, sitasema zaidi.

Halafu kuna nguruwe. Hachiken anampenda mtoto wa nguruwe mmoja, yule mdogo kuliko wote, anayenyimwa titi na ndugu zake. Wenzake wanamwonya: usimpe jina, huyo ni wa kuchinjwa. Yeye anampa jina Butadon, yaani bakuli la wali na nyama ya nguruwe. Ni kama umwite mbuzi wako Choma. Anamlisha, anamnenepesha, miezi inapita, na siku inafika. Sitakuambia kila kitu. Nitakuambia tu kwamba Arakawa hakimbii. Hamwokoi nguruwe dakika ya mwisho kama filamu za watoto. Wala hamfanyi Hachiken aache nyama na kutuhubiria. Hachiken anachukua pesa alizopata kwa kibarua cha likizo, ananunua nyama yote ya Butadon, anaigeuza kuwa bekoni, na kuwagawia shule nzima. Na anakula. Na ni tamu. Na analia. Yote kwa pamoja.

Mimi nimekua nikiona mbuzi wakiingia kwa miguu asubuhi na kutoka kwa kilo jioni. Sikudhani kitabu kingeniambia kitu kipya kuhusu hilo. Lakini mdogo wangu wa kike, yuko Gredi ya 4, mwaka jana alimpa mbuzi mmoja jina Haaland. Mathe alimwambia mara moja tu: mbuzi wa kuuza hapewi jina. Haaland aliuzwa kama wengine, na msichana alikataa nyama wiki mbili na hakuna mtu aliyemsema. Nilipokuwa nasoma Silver Spoon alikuja akaangalia picha za Butadon, akanifanya nimtafsirie maneno. Tulipofika mwisho wa ile sehemu akauliza, "Sasa kama alimpa jina, mbona bado anamla?" Nilimwambia ndiyo swali la kitabu. Akasema hilo si jibu. Kweli si jibu. Arakawa anachukua juzuu mbili hivi kulizunguka na hajalijibu pia, na kwa maoni yangu hapo ndipo alipo mkubwa.

Lakini kilichonikaba koo hasa si nguruwe. Ni Komaba.

Komaba ni rafiki wa Hachiken, anarusha mpira wa besiboli kama mtu aliyezaliwa kwa kazi hiyo. Kwao ni wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, babake alikufa, na yeye anasoma na kucheza akijua kwamba shamba linamngoja. Anataka kufika Koshien, mashindano makubwa ya shule za upili Japani, ndio baadaye alipwe kwa mpira na kusaidia nyumbani. Timu inapoteza. Kufikia juzuu ya nane unaelewa kwamba madeni ya shamba yamefika shingoni. Ng'ombe wanapakiwa kwenye lori. Kijana anaacha shule. Hakuna mtu mbaya katika hadithi hii, hakuna wa kumpiga ngumi. Ni hesabu tu imekataa.

Na halafu kitu ambacho ni lazima uwe umekua nyumba kama zetu ili kikuingie vizuri: familia ya Mikage, yule msichana ambaye Hachiken anampenda, ndio wadhamini wa mkopo wa kina Komaba. Kwa hivyo jirani anapoanguka, na wao wanatingisika. Farasi wanauzwa. Ndoto za msichana zinabadilika kwa sababu ya saini ya mtu mzima.

Mjomba wangu upande wa Ol Kalou alimdhamini rafiki yake wa miaka 20. Rafiki akazima simu. Malipo ya maziwa ya mjomba yakaanza kukatwa, mwezi baada ya mwezi, na Friesian wawili waliondoka kwa lori lile lile linalobeba viazi. Sikuwa nimewahi kuona jambo hilo kwenye hadithi yoyote. Kwa runinga mtu akiwa na deni anakuja jambazi na bastola, kama kwa Denji. Kwa Arakawa anakuja mtu mwenye adabu, ana makaratasi, anaomba msamaha, na ng'ombe wanaondoka.

Kwa hivyo ukiniuliza ipi kati ya hizo mbili inatisha zaidi, mimi najua jibu langu, na halina msumeno.

Labda nasoma hivi kwa sababu ya mazungumzo ya hapa. Tangu upanuzi wa barabara ya Rironi hadi Mau Summit uzinduliwe Novemba 2025, kila mwenye kibanda anapima kwa macho umbali kati ya lami na jiko lake. Gari likipita kwa kasi bila kusimama hatuna biashara. Mathe hasemi kitu, lakini nimemwona akihesabu hatua.

Baada ya hapo nilihitaji kitu cha kuniondoa kichwani mwangu, nikachukua Uzumaki ya Junji Ito. Mawazo mabaya! Ni hofu tupu: mji mdogo unaolaaniwa na umbo la mzunguko, lile la konokono. Baba wa mtu anaanza kupenda mizunguko mpaka mwili wake mwenyewe unajikunja ndani ya pipa. Ito aliiandika 1998 na 1999, juzuu tatu tu, na siku hizi huuzwa kama kitabu kimoja kizito. Kwa maoni yangu nusu ya kwanza ni bora kuliko ya pili, kwa sababu mwanzoni hofu iko kwenye vitu vidogo: nywele, moshi, udongo. Mwishoni mji mzima unabomoka na hofu inakuwa kazi ya ujenzi. Ushauri wangu: usiisome Elmenteita wakati wa kiangazi. Januari na Februari vimbunga vya vumbi husimama pale chini kando ya ziwa, vyembamba, vinazunguka polepole, na mimi nilikuwa na kitabu mkononi. Nilikifunga nikaenda kukata kachumbari.

Usiniulize kuhusu One Piece. Najua. Juzuu zimepita 110, Eiichiro Oda anaiandika tangu 1997, na mwaka wa 2025 tuliona ile bendera ya fuvu lenye kofia ya majani kwenye maandamano ya vijana Indonesia, Nepal na Madagascar. Nitaianza nikistaafu.

Neno dogo kuhusu kupata vitabu hivi. Mpya ni ghali, usidanganywe, na za mitumba Nairobi zinakuja bila mpangilio: unapata juzuu ya 3 na ya 7, ya 4 utaiota. Programu ya Manga Plus ya wachapishaji Shueisha ina sura za mwanzo na za karibuni za hadithi zao nyingi bure, na Chainsaw Man iko humo. Ukiingia unachagua lugha: kuna Kiindonesia, kuna Kithai, kuna Kivietinamu. Kiswahili hakuna. Sisi tuliokua tukichomoa Shujaaz ndani ya gazeti, DJ Boyie akiongea Sheng kama watu wa mtaani, tunajua inawezekana. Ile katuni ilianza 2010 na ikashinda Emmy ya kimataifa. Kutafsiri Butadon kwa mdogo wangu kulinichukua jioni mbili, na Kiswahili hakikukwama popote isipokuwa kwenye majina ya vyakula.

Ya mwisho ni Nana ya Ai Yazawa, na wanaume wenzangu mnaocheka, chekeni. Wasichana wawili, wote wanaitwa Nana, wanakutana kwenye treni ya kwenda Tokyo iliyokwama kwa theluji, na wanaishia kuishi chumba kimoja, nambari 707. Kwa Kijapani nana ni saba. Mmoja anaenda Tokyo kumfuata mpenzi. Mwingine mpenzi wake alitangulia zamani kuwa staa wa muziki, akakataa kumfuata, akabaki mji wao mdogo na bendi yake, halafu siku moja akapanda treni kwa sababu zake mwenyewe. Yazawa anamchora akiwa na gitaa na koti la ngozi, na juu ya uso wake kuna kitu nakijua: mtu anayeondoka bila kumwambia yeyote kwamba anaogopa.

Binamu yangu ananiambia kuna nafasi ya chumba kwake Nairobi kuanzia Mei. Sijampa jibu.

Nana ilianza 2000, ikasimama 2009 Yazawa alipougua, na haijaendelea tena. Juzuu ya 21 ndiyo ya mwisho iliyopo. Mimi niko ya nne, naenda polepole.